Deki Iliyonyooshwa

Borås, Sweden
11 Februari 2019

Mdogo wangu Oiva,

Natumai barua hii itakukuta hai. Kama haikukuti hai, atakayeifungua ampe mbwa chakula kwanza.

Mimi ni mzima. Theluji ya huku ni ya kijinga, asubuhi inaanguka na mchana ni maji. Gunvor, jirani yangu wa mlango wa pili, ameteleza ngazini akavunjika mkono, kwa hiyo ninamfungia viatu. Kile kiwanda cha nguo nilichotumikia mpaka uzee sasa kimekuwa mikahawa. Wananiuzia kahawa pale pale zilipokuwa mashine zangu.

Sasa nisikilize. Ile kompyuta ya marehemu Jarkko bado iko kwako? Aliiacha huko kwa sababu haionyeshi kitu bila runinga, na hapa tulikuwa na runinga moja tu, na baba yake hakutaka iguswe. Kaseti yake, ile aliyohifadhia alichokiandika kwenye kompyuta, ninayo mimi. Alirudi nayo kutoka kwako Pasaka ya 1988, akaiweka mezani akasema, "Mama, humu kuna kitu nimekutengenezea. Kiangazi twende kwa mjomba nikuonyeshe." Nikamjibu tutaona, kuna zamu kazini. Mwezi wa tano akatoka na pikipiki yake ndogo, na mengine unayajua.

Nataka kujua kuna nini humo ndani, tena mwaka huu. Usiniulize kwa nini sasa. Napanga makabati, basi.

Simu za nyaya wamezing'oa kijijini kwako, na ya mkononi mpaka upande juu ya rundo la kuni, kwa hiyo andika. Tumia kalamu nyeusi na herufi kubwa.

Dada yako,
Taimi

*

Kuhmo, Finland
26 Februari 2019

Dada Taimi, mkubwa wangu na hakimu wangu,

Niko hai, na mbwa amekula. Kuku wamebaki watatu, na mmoja wao anajifanya hajui kazi yake. Baridi ya safari hii ukitema mate yanagonga chini kama kokoto. Nyonga yangu ya kushoto iliniambia nisipande paa kuondoa theluji, nikapanda, na tangu siku hiyo hatuzungumzi.

Kompyuta ipo. Nimeitunza vizuri sana, mahali pakavu penye heshima.

Haya, nimeitunza kwenye stoo ya viazi. Lakini rafu ya juu. Panya amezalia juu ya kibodi, nilimwomba ahame akanitazama kana kwamba mimi ndiye mpangaji. Ni yenyewe, ile ya kahawia yenye umbo la mkate, iliyokuwa ikitangazwa kuwa Kompyuta ya Jamhuri. Jamhuri yenyewe ilikuwa na akili kidogo siku hizo, ikanunua. Deki yake ya kaseti ipo, nyaya zipo, adapta ipo, nzito kama tofali. Runinga ya zamani yenye mgongo ipo sauna, pale ninapoogea mvuke, huwa naweka ndoo juu yake.

Namkumbuka alivyokaa pale dirishani siku nzima, mbu wakimla, yeye hana habari. Nikigusa waya ananiambia, "Mjomba, nitakusema kwa mama." Nami namjibu, "Mama yako nimemwona akila udongo, simwogopi." Aliandika mistari ya namba, akafuta, akaandika tena. Nilimwuliza anatengeneza nini. Akasema si yako. Basi hata mimi sijui.

Kuhusu hiyo kaseti, usiitume. Ilete mwenyewe. Hujatia mguu Kuhmo tangu tulipomzika mama yetu, na meli bado zinavuka. Nitakupikia supu ya sungura na nitaosha mashuka, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu aliye hai.

Mimi nitaifufua mashine. Niliacha shule baada ya kumpiga mwalimu donge la theluji la sikio, lakini nimetengeneza matrekta ya msituni miaka yote, na trekta lina akili kuliko hiki kimkate.

Mdogo wako,
Oiva

*

Borås
20 Machi 2019

Mdogo wangu,

Salamu, na pole ya nyonga. Mkono wa Gunvor unapona. Ananitungia uzi kwenye sindano, nami ninamfungia viatu, kwa hiyo kwa pamoja tunafanya mtu mmoja.

Sitakuja. Usiulize tena.

Kaseti hiyo hapo, ndani ya glavu ya sufu. Glavu nayo ilikuwa yake, usiivae. Kaseti haina maandishi juu. Hakuwa mtu wa kuandika majina kwenye vitu, hata madaftari yake ya shule yalikuwa yakirudi kwangu bila jina.

Umeniandikia habari za panya na mashuka. Mimi sitaki kujua unavyotengeneza. Nataka kujua kilichomo. Nilimwambia "tutaona". Ndiyo maneno niliyomwambia, na nimekaa nayo. Nataka sasa nione.

Usiseme kwamba herufi zangu zimekuwa kubwa. Ni kalamu mpya.

Taimi

*

Kuhmo
9 Mei 2019

Dada Taimi,

Herufi zako ni kubwa kama za mabango ya uchaguzi. Umeniambia nisiseme, nimesema.

Samahani kwa kuchelewa. Theluji imeyeyuka, barabara imekuwa uji, na mwenye gari la posta alikataa kufika mpaka kwangu akidai gari lake halikusomea kuogelea. Yule kuku mvivu tumemla. Alikuwa mgumu hata baada ya kufa.

Sasa kazi. Nilisafisha kibodi kwa spiriti, nyingine ikaingia kwa fundi. Adapta ya zamani sikuiamini, nikatafuta nyingine, nikachomeka, nikasimama mbali na ufagio mkononi. Ikawaka. Kioo cha buluu, herufi za buluu nyepesi, na kile kimraba kinachopepesa kama kinakuuliza, haya, sema. Nilikaa kwenye ndoo nikakitazama mpaka kahawa ikapoa.

Deki ndiyo ilikataa. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Nikaambiwa kuna wazee mjini Kajaani wanaokutana Jumamosi kwenye shule iliyofungwa kufufua mashine hizi. Nikaenda. Wanaume wenye mvi wanacheza michezo ya watoto na kulaumiana. Mmoja wao ni Ensio, daktari wa meno mstaafu, bado anavaa ile miwani yenye taa kwenye paji la uso. Amewang'oa meno nusu ya watu wa wilaya hii. Aliipokea deki kama mgonjwa. Akaweka mkanda mpya, akasafisha, kisha akaingiza bisibisi nyembamba kwenye kile kitundu kidogo cha juu akakinyoosha kichwa cha kusomea, kwa sababu kilikuwa kimepinda. Hakuna aliyemwomba. Daktari wa meno hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Hata wale wengine walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwao hiyo ni kama kunawa mikono kabla ya kula.

Akaweka kaseti yake ya dukani, ikasomeka bila kosa. Wakanipigia makofi. Nikaweka ya Jarkko. Mashine ikasikiliza, ikasikiliza. Haikusikia kitu.

Ensio akaniuliza kama kijana alikuwa na tabia ya kuingiza bisibisi kwenye kile kitundu. Nikasema kila kijana alikuwa nayo. Walikuwa wakinakiliana michezo kijiji kizima, kaseti ya fulani ikikataa wanapindisha kichwa mpaka ikubali. Jarkko alipindisha, hakurudisha. Kila alichohifadhi baada ya hapo kilihifadhiwa kikiwa kimepinda hivyo hivyo, na hakisomeki ila na deki iliyopinda hivyo hivyo.

Nayo ilikuwa imepinda hivyo hivyo, Taimi. Imekaa na viazi miaka yote hiyo bila kuguswa, kama alivyoiacha. Tumeinyoosha Jumamosi.

Ensio hakunywa kahawa yake.

Oiva

*

Borås
3 Juni 2019

Oiva,

Nani alimwomba anyooshe?

Nimeisoma barua yako kwa shida, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilikuwa na kaka mdogo mmoja na kazi moja ya kumpa.

Umesema imenyooshwa. Je, haiwezi kupindishwa tena? Kitu kilichopinda mara moja kinaweza kupindishwa. Mwambie huyo daktari wako wa meno.

Gunvor anasalimu. Yeye hajui kinachoendelea, anadhani tunagombania shamba.

T.

*

Kuhmo
18 Julai 2019

Dada Taimi,

Sikukujibu mapema. Kwanza ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, kisha nyasi za kukata, kisha mbu, kisha sikuwa na la kukuambia. Chagua sababu unayoitaka, zote ni za kweli kidogo.

Inaweza kupindishwa. Tatizo ni kiasi gani, na upande upi. Ensio anakuja kwangu na gari lake, tunaweka runinga juu ya meza ya nje kwa sababu ndani anasema pananuka mbwa. Ana programu inayochora kila mlio wa kaseti kama mvua kwenye kioo. Kichwa kikikaa sawa na kaseti, mvua inakuwa mistari myembamba, safi. Kikikosea, ni ukungu. Basi anagusa skrubu kwa upana wa unywele, tunaichezesha kidogo, tunatazama. Ukungu. Anagusa tena. Ukungu. Nilimwambia, "Daktari, ungeweka sindano ya ganzi kwanza." Hakucheka. Mara moja ukungu ulianza kujitenga, tukaona kama mistari inataka kutokea, kisha ikapotea.

Hapo ndipo alipopangusa kichwa cha deki kwa pamba. Pamba ikatoka na unga wa kahawia. Akanionyesha. Unga ule ndio maandishi yenyewe, Taimi. Utepe unachubuka, kila tukiuchezesha unaacha ngozi yake. Amesema umechakaa vibaya, hasa upande wa mwanzo, na si uchakavu wa kukaa kabatini. Ni wa kuchezwa. Akaniuliza nani amekuwa akiicheza kaseti hii, na kwa mashine gani. Nikamwambia hakuna aliyekuwa na mashine ila mimi na panya.

Wewe unajua?

Tumesimamisha kazi. Amepiga alama ya rangi kwenye skrubu mahali ambapo ukungu ulitaka kufunguka. Anasema utepe unaweza kuvumilia safari moja nzima, labda. Baada ya hapo ni plastiki tu.

Kwa hiyo njoo. Sitaki kuitumia safari hiyo wewe ukiwa Borås. Nitakupokea bandarini Turku, nitavaa suruali nzuri. Ikishindikana, angalau tutakuwa wawili tunaotazama kioo kitupu.

Tena barua yako mistari inapandana kama ng'ombe. Una nini?

Oiva

*

Borås
30 Agosti 2019

Mdogo wangu Oiva,

Asante kwa kuniambia ukweli bila kuuzungushazungusha sana. Huku kumepoa. Maboga ya Gunvor kwenye roshani yamekuwa matatu, kila siku ananiita nikayatazame, nami nasema ni mazuri.

Mwambie Ensio sina hasira naye tena. Alifanya kazi vizuri, ila kwenye kitu ambacho hakikuhitaji kazi.

Umeniuliza maswali mawili. Nitakujibu yote mawili hapa, halafu hatutayazungumza tena. Kwanza kwa nini siwezi kuja. Mimi

*

Kuhmo
25 Septemba 2019

Dada yangu,

Wino wako uliishia kwenye neno "Mimi". Karatasi mbili zilizofuata ni nyeupe. Mwanzoni nilifurahi, nikasema hatimaye Taimi amejifunza utani.

Kisha nikaziinua dirishani, nikaona mifereji ya kalamu. Nikachukua penseli ya useremala nikailaza ubavu, nikaipitisha polepole juu ya karatasi, na maneno yakaanza kutoka meupe ndani ya kijivu. Ilinichukua siku nzima. Mbwa alilala mguuni akidhani ninasali.

Uliandika kurasa mbili na hukuona kwamba kalamu haiandiki. Hata kama nisingeweza kusoma neno lingine lolote, hilo lingetosha.

Lakini nimesoma. Kwamba ni doa la giza machoni, liko katikati kabisa, kila unachokitazama ndicho linachokificha. Kwamba unayaona masikio ya Gunvor ila si uso wake. Kwamba daktari wa macho hana dawa, ana pole tu. Kwamba ulitaka kuona kitu cha mtoto wako wakati bado una pembeni ya kuonea. Ungeniambia Februari, ningefanya haraka. Au ningefanya vibaya haraka, simjui Oiva huyo.

Na la pili nimelisoma. Kwamba kila mwezi wa tano ulikuwa ukiiweka ile kaseti kwenye redio ya jikoni, unafunga mlango, unasikiliza kelele ile toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi na Ensio tulikuwa tunamtafuta mwizi. Taimi, mimi nimeisikia kelele hiyo, ni kama paka amekanyagwa na treni. Na wewe ulikaa nayo kama kwaya ya kanisani.

Usinifanye niseme kitu hapa. Utepe usiochezwa nao huoza, Ensio ndivyo alivyosema. Nilimlazimisha aseme, lakini alisema.

Nilifikiri nifunge mizigo nije na mashine yote Borås. Ensio amekataa, anasema skrubu ikitikiswa na barabara na meli tutapoteza ile alama, na hatuna utepe wa kuitafuta upya.

Umeandika pia kwamba shemasi Sisko wa kanisa la Wafinlandi hukutembelea Alhamisi na anaweza kukusomea. Basi kuanzia sasa ninaandika kwa watu wawili. Shemasi, salamu. Usiruke matusi, dada yangu huyajua yote, mengi alinifundisha yeye.

Sasa amua wewe. Tukiicheza, huenda tukapata, na huenda tukaimaliza bure. Tukiiacha, itabaki na kilicho ndani yake, ila hakuna atakayekiona kamwe. Sitagusa mpaka uniambie.

Oiva

*

Borås
17 Oktoba 2019
(kwa mkono wa Sisko, shemasi)

Mdogo wangu,

Sote wazima. Jaribu. Uniambie ulichokiona, usiongeze kitu.

Taimi

*

Kuhmo
12 Novemba 2019

Dada Taimi, na wewe shemasi,

Theluji imeshuka na imekubali kukaa. Mbwa anaota moto mpaka manyoya yananuka. Kuku wawili waliobaki nimewahamishia kwenye chumba cha kubadilishia nguo sauna, wananitazama nikivua na wananicheka.

Nazungukazunguka. Shemasi, mpe dada yangu kahawa kwanza.

Tumejaribu Jumamosi iliyopita, mchana, baada ya kula. Ensio alikuja na kompyuta yake mpya akaiunganisha ili inakili sauti wakati ule ule, utepe usipite bure. Alinawa mikono kama anaingia kupasua. Mimi ndiye niliyebonyeza, kwa sababu mimi ndiye mjomba.

Unajua mashine hizi zinavyofanya. Hazikuonyeshi kitu. Unaiambia soma, inakuambia inatafuta, unangoja. Deki ilizunguka. Ensio alishika ukingo wa meza. Kisha mashine ikaandika, Taimi. Ikaandika kwamba imepata kitu, na chini yake ikaandika jina, jina alilolipa yeye kwa vidole vyake. Hakuandika jina juu ya kaseti, kumbe aliliweka ndani. Ninakunakilia kama lilivyokuwa:

YA MAMA 7 BADO

Hivyo tu. Nadhani ni mara yake ya saba, na ilikuwa haijaisha.

Kisha kioo kikafutika chote kikawa buluu tupu. Ndivyo inavyofanya ikiwa inasoma, inafunga mlango ifanye kazi. Tulikitazama hicho kibuluu. Nilisema moyoni, fanya, mwanaharamu wewe, fanya. Shemasi, hilo lisome. Deki ikazunguka, ikazunguka. Kioo kikarudi, jina lako bado lipo pale juu, na chini yake mashine imeandika kwamba kuna kosa.

Ensio alijaribu tena. Mara ya pili haikupata hata jina. Alifungua mlango wa deki, unga ulikuwa umejaa kichwani kama masizi, na utepe ukiuinua kwenye mwanga unaona dirisha kwa upande wa pili. Ile sauti aliyonakili ni ukungu na mashimo. Amekaa nayo siku tatu kwake akitafuta, jana akanipigia, nikapanda rundo la kuni kumpokea. Alisema hakuna.

Halafu akaniambia, "Oiva, mwambie tu kwamba ilikuwa nzuri. Mimi nimewaambia watu miaka arobaini kwamba haitauma."

Sikufichi, nilikaa nikauandika huo uongo. Ulikuwa uongo safi, kurasa nne, na rangi zake. Ningeutuma, shemasi angeusoma kwa sauti yake ya kanisani, na nani angetokea kunisuta? Nimeutia kwenye jiko la sauna. Si kwa wema. Uliniambia nisiongeze kitu, na mimi nimekuongopea maisha yangu yote kuhusu mambo madogo ili siku ya jambo kubwa uniamini.

Kwa hiyo nilichokiona ni jina. Na buluu. Sina kingine, dada yangu.

Oiva

*

Borås
28 Novemba 2019
(kwa mkono wa Sisko)

Mdogo wangu Oiva,

Huku watu wameweka taa za Majilio madirishani, kuingoja Krismasi. Nikigeuza kichwa pembeni naziona, nikizitazama zinazimika. Gunvor amenipa boga la mwisho, tumelipika, halina ladha. Sisko amenisomea barua yako mara mbili, na lile tusi alilisoma, akageuka mwekundu kwa mujibu wa Gunvor.

Bado. Miaka yote hii nilidhani nimekataa kwenda kuona kitu kilichokuwa tayari kinaningoja. Kumbe ningekuja naye Kuhmo kesho yake, angenisimamisha mlangoni na kusema, mama, bado. Haipunguzi kitu. Nimeipima kila upande, haipunguzi. Lakini nimekaa nayo.

Kaseti usiitupe. Irudishe ndani ya glavu yake. Redio ya jikoni ipo, na mwezi wa tano utafika, nitasikiliza hata kama ni plastiki inayozunguka.

Mwambie Ensio ale, anywe kahawa yake.

Na zile kurasa nne ulizozichoma, ziandike upya. Umeongopa tangu ulipoota meno, usianze uaminifu kwenye mazishi yangu. Sasa najua kilichokuwemo na kisichokuwemo, hutaniharibia kitu. Anza na rangi, na uende taratibu, maana hizo ndizo zinazonitoka kwanza. Sisko atasoma.

Ila usiimalize. Yeye hakuimaliza.

Dada yako,
Taimi